Neville Oldroyd: Miaka Arobaini na Mmoja, na Kosa Lisilokuwa Lake

Jumamosi tarehe 26 Oktoba 2024, Neville Oldroyd atakabidhi funguo za stoo ya mazoezi na kustaafu, baada ya kuitumikia Klabu ya Raga ya Hagthorpe kwa miaka arobaini na mmoja na miezi miwili. Thelathini na minane kati ya hiyo ameitumia akiwa mkuu wa malezi ya wachezaji, yaani mtu anayepokea vijana wasiojua kuanguka na kuwarudisha kwa mama zao wakijua kuanguka na kuinuka. Maneno hayo ni yake, si yangu. Mimi nilikuwa katibu wa klabu kwa miaka ishirini na mitano, na nilifundisha Kilatini katika shule ya hapa mjini, ndiyo maana nusu ya mji bado wananiita Mwalimu.

Carys Prothero, atakayeshika nafasi ya Neville, alinifuata kwenye nyumba ya wazee ninakoishi sasa akaniomba niandike haya kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. "Maneno mia nne, Mwalimu," alisema. "Na usitutilie Kilatini." Nilimwahidi yote mawili. Ahadi ya Kilatini nimeitimiza. Ile ya maneno mia nne imenishinda, kwa sababu sifa za Neville zina doa moja ambalo watu wa umri fulani mjini hapa hawajalisahau: kwamba mwaka 1986 aliropoka siri ya klabu akamharibia kijana maisha. Doa hilo si lake. Nataka liondoke kabla hajakabidhi funguo, na daktari wangu hanipi hakika ya kufika Krismasi. Nitaanza na kazi yake, kama ilivyo desturi, kisha nitafika huko.

Neville alizaliwa mwaka 1954 katika safu ya nyumba zilizo nyuma ya mgodi. Baba yake alichimba makaa, na babu yake kadhalika. Yeye mwenyewe alishuka shimoni akiwa na miaka kumi na sita. Jumanne na Alhamisi alipanda juu, akanawa uso, akaja mazoezini uwanja wa Ings Lane, akirudi nyumbani na matope juu ya masizi. Alicheza misimu mitano safu ya mbele, kwenye raga yetu ya watu kumi na watatu, mpaka goti lake lilipopasuka mwaka 1982. Daktari alimwambia asitarajie kupiga magoti tena, hata kanisani. Neville alijibu kwamba kanisani walikuwa hawamtarajii vilevile. Agosti 1983 alirudi akiwa kocha msaidizi wa timu kubwa.

Waliopita mikononi mwake hawahitaji kuelezwa namna anavyofundisha, lakini wageni watakaokuja Jumamosi wanastahili kujua. Mpira wa mazoezi aliusugua kwa sabuni ya kuoshea vyombo, ili kijana akiweza kuudaka pale aweze kuudaka kwenye mvua yoyote ya Yorkshire. Brenda, mkewe, alinunua sabuni mara mbili kwa juma na kuwaambia majirani kwamba Nev ni mtu msafi sana. Magodoro ya kufundishia kuanguka aliyaomba hospitali moja iliyokuwa ikibadilisha vitanda, akayavuta kwa mkokoteni hadi ukumbi wa kanisa. Mwezi wa kwanza hakuna aliyeruhusiwa kumwangusha mwenzake. Waliangushwa tu. "Hofu iko kwenye sakafu," aliwaambia. "Mkishaizoea sakafu, mtu mwingine hawezi kuwatisha."

Ulimi wake haukuwa na godoro. Kijana mmoja, sasa mwanasheria, alipiga pasi legelege, Neville akasimamisha mazoezi. "Wee! Hiyo ni pasi, au unamrushia shangazi yako mto?" Mwingine alimkamata mpinzani kiunoni akamwachia. "Unamwangusha au unamwomba radhi? Kama ni radhi, andika barua." Na kwa beki mrefu aliyekuwa akipenda kujitazama kwenye dirisha la kantini: "Ukimaliza kujichumbia, tuko huku."

Lakini daftari lake lilikuwa la upole. Kila mchezaji alikuwa na ukurasa, na kila mwezi Neville aliandika jambo moja tu la kurekebisha. Moja, hata kama aliona makosa kumi. Nilimwuliza sababu, mimi niliyezoea kuyajaza madaftari ya wanafunzi wino mwekundu. Akasema, "Mwalimu, mtu akibebeshwa magunia kumi hatembei. Mpe moja, akifika nalo mpe jingine." Nilirudi shuleni nikajaribu. Kwa aibu yangu, lilifaa.

Wachezaji sitini na mmoja kutoka mikononi mwake wamepanda timu kubwa, yetu au za wenzetu. Wawili walivaa fulana ya taifa. Neville hawataji hao mara nyingi. Anaowataja ni wale mia nane na zaidi ambao hawakufika, kwa sababu hao ndio waliompa kazi ngumu kuliko zote: kuwaambia.

Klabu nyingine hutuma barua. "Tunasikitika kukufahamisha." Neville hajawahi kutuma hata moja. Kila mwisho wa msimu alivaa koti lake la mazishi, akaenda nyumba hadi nyumba, akaketi mezani pamoja na kijana na wazazi wake, akasema yote mwenyewe: hatuendelei na wewe, sababu ni hii, na hiki ndicho unachokiweza vizuri. Kisha hakuondoka. Alibaki mpaka apewe chakula. Mei ya mwaka mmoja alikula pai ya nyama na njegere mara nne kwa siku moja, akaja kwangu usiku akiomba dawa ya tumbo. "Ukimletea mtu habari mbaya ukakimbia," aliniambia akiwa ameshika tumbo, "umeitupa mlangoni kama mzoga wa paka. Ukikaa ukala, anajua bado ni mtu kwako." Vijana hao leo ni mafundi umeme, wauguzi, na madereva, mmoja ni kasisi, na wawili wako gerezani. Neville huwatembelea hao wawili kila mwezi, na hula chakula cha huko pia.

Wengi wanadhani desturi hiyo alizaliwa nayo. Hapana. Aliianza Februari 1986, na hapo ndipo ninapotakiwa kusema.

Wazee wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Raga ile nyingine, ya watu kumi na watano, haikuruhusu mchezaji kulipwa, na aliyegusa raga yetu, hata kwa mechi moja ya majaribio, alifukuzwa maisha. Hakucheza tena kwao, wala hakuruhusiwa kukanyaga nyumba ya klabu yake ya nyumbani. Kwa hiyo mtu wa kwao alipokuja kwetu kujaribiwa, tulimficha jina. Kwenye orodha ya timu aliandikwa Bwana Mwingine. Tukimpenda, alisaini, akahamia kwetu. Tusipompenda, alirudi kwao Jumatatu kama aliyekwenda harusini, na hakuna aliyeuliza. Mji mzima ulilinda siri hiyo. Kumtaja Bwana Mwingine kulikuwa dhambi kubwa Hagthorpe kuliko kuiba.

Tarehe 9 Februari, Jumapili, Bwana Mwingine alikuwa kijana wa miaka ishirini kutoka kijiji cha Cwmhendre, Wales. Jina lake Emrys Prothero. Baba yake alikuwa mshika funguo za nyumba ya klabu ya kijiji. Neville ndiye aliyemwona akicheza na kumleta. Mvua ilinyesha, Emrys akacheza vibaya, na kamati ikaamua hafai. Alipanda treni kurudi kwao.

Jumatatu gazeti la mji lilimtaja kwa jina lake na la kijiji chake. Kabla ya Ijumaa alikuwa amefukuzwa maisha katika mchezo wa kwao.

Nani aliyesema? Percy Tunnicliffe, mwandishi wa habari za michezo, hakumtaja aliyempa, na alikufa bila kumtaja. Lakini watu walikumbuka kwamba Alhamisi kabla ya mechi Neville alikuwa amemzika baba yake, na jioni alikaa baa ya klabu na huyohuyo Percy, akanywa mpaka wakambeba. Kamati ilimwita. Mwenyekiti akamwuliza, "Nev, ulilitaja jina?" Neville alisimama pale na suti ileile ya mazishi akasema, "Sikumbuki. Inawezekana."

Mimi nilikuwa katibu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika: "Oldroyd amekiri."

Na nilijua kwamba si yeye. Alhamisi hiyohiyo saa kumi alasiri, kabla Neville hajaingia baa, Percy alinipigia simu ofisini kuchukua majina ya timu, kama kila Alhamisi. Nikamsomea. Nilipofika kwa Bwana Mwingine akacheka. "Usijisumbue, Mwalimu. Wewe wa Kilatini watakwambia nini hao?" Alikuwa akinitania tu, kama klabu nzima ilivyonitania miaka yote, mimi niliyekuwa sijashika mpira maishani. Ingetosha kucheka naye. Badala yake nilisema, "Nitakwambia, na ulikumbuke jina hili, maana huyu atachezea taifa." Nikalitaja. Nilitaka mtu mmoja, kwa dakika moja, anione kama mtu wa raga.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ukocha mkuu wa timu kubwa, ambao kila mtu alijua ungekuwa wa Neville mwezi Machi, alipewa mwingine. Neville alishushwa kwa vijana, kazi ambayo siku hizo walipewa watu ambao klabu ilishindwa kuwafukuza. Nilipiga chapa barua ya uhamisho huo mwenyewe. Haikuwa na kosa hata moja la uandishi.

Sikujua wakati ule, na Brenda ameniambia juzijuzi tu, kwamba Jumamosi iliyofuata Neville aliendesha gari hadi Cwmhendre. Hakuna aliyemtuma. Aligonga mlango, akaketi mezani kwa akina Prothero, akamwambia mama wa Emrys, "Ni mimi niliyemtaja mwanao." Mama yule akamkatia mkate akampakia siagi. "Kama ni wewe uliyemfungia mlango huu," alisema, "basi nenda naye ukamfungulie mwingine."

Neville alirudi na Emrys kwenye kiti cha mbele. Alimpa chumba cha nyuma nyumbani kwake. Kwa mwaka mmoja na nusu alimfundisha kila asubuhi kabla ya zamu ya mgodini, jambo moja kwa mwezi. Agosti 1987 kamati ileile iliyomkataa ilimsajili. Emrys alicheza mechi mia mbili sitini na tatu, misimu minne akiwa nahodha. Aliingia Hagthorpe kama Bwana Mwingine na leo hakuna bomba la maji mjini hapa ambalo hajalitengeneza. Carys ni binti yake. Naye alianza kuanguka kwenye magodoro ya Neville akiwa na miaka sita, akaiongoza timu yetu ya wanawake, na sasa anapokea funguo.

Nimeyatazama hayo yote kutoka dirisha la ofisi, nikijiambia kwamba mambo yameishia vizuri, ya nini kuyachimbua. Mtu aliyesoma ana uhodari mmoja: anaweza kujitetea kwa sentensi nzuri.

Nilipoketi kuandika maneno mia nne ya Carys, niliandika: "Mwaka 1986 alihamishiwa timu ya vijana." Nikaisoma. Nikaifuta. Nikaiandika tena. Siku ya tatu niliomba teksi.

Neville alinifungulia mwenyewe. "Mwalimu! Umetoroka? Wanakutafuta na mbwa?"

"Nimeaga vizuri. Nina neno."

"Brenda, weka chai. Mwalimu ana neno, tutakuwa hapa mpaka Jumanne."

Nilimwambia mezani, nikimtazama. Simu, Percy, jina, na kile nilichoandika kwenye kumbukumbu za kamati. Nilipomaliza alisema, "Saa kumi?"

"Saa kumi."

"Kabla sijaingia baa."

"Kabla."

Akainuka, akatoka kwenda kwenye kibanda chake cha vioo anakopanda nyanya, akafunga mlango. Tulimwona mgongo tu. Brenda alikaa akishika birika bila kumimina. "Unajua," aliniambia, "hajaonja hata tone tangu Alhamisi ile. Binti yetu alipoolewa alisimama kuwatakia heri na glasi ya maji ya ndimu. Watu wakadhani ameokoka. Aliniambia, 'Siwezi kuuamini mdomo wangu, Bren. Siujui ulisema nini.'" Kisha akaongeza, kwa sauti ileile, "Ningependa kukupiga na hili birika, Mwalimu, lakini lina chai."

Mpaka siku hiyo niliamini kwamba Neville alibeba lawama ya watu. Sikujua kwamba alijilaumu mwenyewe. Hakuwahi kujitetea kwa sababu hakuwa na shaka: alidhani ni yeye.

Alirudi baada ya nusu saa, mikono ina udongo. Hakuketi.

"Nilimdanganya yule mama," alisema. "Nimekula mkate wake na uongo mdomoni."

"Hukujua, Nev."

"Wewe ulijua. Miaka thelathini na minane! Ulipostaafu mwaka tisini na tisa tulikuchangia saa ya ukutani. Nani aliyekukabidhi?"

"Wewe."

"Mimi. Nikasema nini?"

"Ulisema klabu haijapata kuwa na mtu mwaminifu zaidi."

"Na ukachukua!"

"Nikachukua."

"Bado inafanya kazi?"

"Inachelewa."

Kitu kilitikisika usoni pake. "Usinichekeshe. Nina hasira." Akavuta kiti. "Ningekuwa kocha mkuu."

"Ungekuwa."

Alihesabu kwa vidole vyenye udongo. Tangu 1986 timu kubwa imekuwa na makocha kumi na mmoja, na tisa kati yao walifukuzwa, mmoja akiwa bado kwenye basi la timu. "Ningedumu misimu miwili," alisema mwishowe. "Leo ningekuwa nauza bima." Kisha, polepole, kama anayejaribu kukanyagia mguu uliotoka kwenye plasta: "Kwa hiyo si mimi, Bren."

"Si wewe, mpenzi."

"Si mimi."

Nilisimama kutaka kuondoka. Niliona nimefanya nililokuja kufanya. Neville alinitazama kama anavyowatazama vijana wanaoanza kukimbia kabla ya filimbi.

"Unakwenda wapi? Kaa. Hutaniletea jambo kama hili ukaniachia mlangoni. Utakula."

Tulikula. Viazi, soseji, na nyanya zake. Hatukuzungumza sana. Nilipoomba chumvi alinisogezea, lakini hakunitazama, na sikustahili anitazame. Tulipomaliza alichukua funguo za gari. "Sasa Emrys," alisema.

Emrys alikuwa chini ya sinki la jikoni kwake, Carys akimshikia tochi. Alitoka, akafuta mikono, akasikiliza amesimama. Mimi ndiye niliyesema. Neville alikaa pembeni.

"Mama angejua," Emrys alisema, "mkate ule angekunyima wewe."

"Ingekuwa haki."

"Haki." Alilirudia neno hilo akilitafuna. "Mwalimu, nikwambie ukweli. Hapa nimepata mke, mtoto, na mji. Sina malalamiko. Lakini baba yangu alishika funguo za nyumba ile miaka thelathini, na tangu mwaka ule, nikienda likizo, alikuwa ananiletea bia nje, nainywa kwenye ukuta wa maegesho, kwenye mvua, yeye amesimama nami. Hakuingia ndani hata siku moja nilipokuwepo. Alikufa tisini na moja. Marufuku waliifuta tisini na tano. Hilo siwezi kukwambia si kitu."

"Usiniambie," nilisema.

"Sikwambii." Akamgeukia Neville, na sauti ikabadilika. "Na wewe, mzee mpumbavu. Ulikuja Wales kukiri jambo ambalo hata hukulifanya."

"Nilidhani nimelifanya."

"Nilikuchukia miezi mitatu, nikilala chumbani kwako."

"Najua. Ulikuwa unaubamiza mlango."

"Ulikuwa mlango mbovu."

"Ulikuwa mzima ulipokuja."

Walicheka wote wawili, kicheko cha watu wanaojuana muda mrefu, na sikuwa na sehemu katika kicheko hicho, wala sikuitafuta. Carys alizima tochi. Nilimwambia kwamba sasa nimekwisha kupita maneno mia nne, na kwamba kama kamati haitaki jambo hili kwenye kijitabu cha sherehe nitaelewa.

"Andika mpaka yaishe," alisema.

Kamati ilikutana Jumanne iliyopita. Walileta daftari la kumbukumbu la mwaka 1986, zito kama jiwe la kaburi, wakaniwekea mbele. Chini ya mwandiko wangu wa zamani, ulionyooka na kujivuna, nimeandika kwa mwandiko wa sasa, unaoyumba: kwamba Neville Oldroyd hakukiri, kwamba alisema "Sikumbuki, inawezekana," na kwamba aliyelitaja jina la Emrys Prothero ni katibu, Wilfred Lumb. Mwenyekiti na wajumbe sita wametia sahihi. Neville alikataa kutia sahihi yake. Alisema yeye hakuwa mjumbe, na taratibu ni taratibu.

Nilimwuliza, tukitoka, kama amenisamehe. Alifikiri. "Niulize mwezi ujao," alisema. "Jambo moja kwa mwezi." Nami nimeamua kujitahidi kuufikia mwezi ujao.

Neville anaacha stoo yenye mipira ishirini na minne, magodoro tisa yasiyofaa kuonyeshwa kwa afisa yeyote wa afya, na madaftari arobaini na moja ambayo Carys ameahidi kutoyatupa. Anakwenda nyumbani kwa Brenda, ambaye amemwandalia orodha ya kazi inayozidi jambo moja kwa mwezi. Anasema atapunguza pai. Hatumwamini. Kwa niaba ya klabu, ya wale sitini na mmoja, na hasa ya wale mia nane, tunakushukuru, Nev, kwa kila meza uliyoketi. Goti likupumzikie, nyanya zikuivie, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi.

Na neno kwa wenzangu wa rika langu. Jumamosi watatuomba tusimame kumpigia makofi. Ukumbini watakuwamo watu kumi na wanane, nimewahesabu kwa majina, ambao majira ya kuchipua ya 1986 walihamia upande wa pili wa barabara walipomwona akija. Tuliwafundisha watoto wetu wafanye vivyo hivyo, na mimi, niliyejua, niliwaacha. Basi vijana wasitutangulie. Tusimame sisi kwanza. Mimi nitakuwa mstari wa mbele, kwenye kiti cha magurudumu, na Emrys amekubali kunishika mkono mmoja. Wa pili bado natafuta mtu. Magoti yakinikatalia, msinihesabu kati ya waliokaa.

Wilfred Lumb
Katibu wa zamani